Mkono Wako Usitulizwe

Kihonda, Morogoro

Mke wangu mpendwa, Mama Felista,

Niwie radhi kwa kukaa kimya mwaka mzima. Mimi ni mzima, na nyumba ingali imesimama, ila maua yako yamenishinda. Nakuandikia kwa sababu kesho, baada ya misa ya kukukumbuka, wanakwaya wataonyeshwa ile picha ya video uliyorekodiwa ukiwaongoza siku ya jubilei yetu, na limetokea jambo linalokupasa kulijua.

Felista ameniletea televisheni bapa, pana kama meza ya kulia. Siku hizi maduka ya mjini yamejaa hizo. Sisi tuliopanga foleni ya sabuni enzi za uhaba huzitazama kwa mashaka. Niliazima kamera ya yule mpiga picha aliyekurekodi, nikaiunganisha, nikaiweka kanda yako. Uso wako ulikuwa safi, na nyuma yako milima ya Uluguru ilionekana hadi mikunjo ya mabonde. Lakini mkono wako wa kulia, kila ulipopunga, ulitoa meno pembeni kama kitana.

Nikaenda kwa fundi wa hapa mtaani, mtu mstaarabu. Alinieleza kwamba kamera ile huchora mistari elfu moja na themanini, lakini kwa zamu: kwanza wa kwanza, wa tatu, wa tano, kisha hurudi kujaza wa pili, wa nne, wa sita. Nikamwambia ndivyo tulivyosali zaburi misheni, upande huu ukisoma mstari, upande ule ukijibu. Akacheka. "Basi mzee, mkono wa mama umeshasogea kabla upande wa pili haujajibu." Upo mfumo mwingine, wenye mistari mia saba na ishirini tu, lakini yote huja kwa pamoja. Kwa mpira wa miguu, nakiri, huo ni bora. Kwa uso uliotulia, mistari ya kupokezana hushinda. Nikamwachia kanda ayaondoe yale meno.

Siku ya tatu aliniita kwa furaha. "Mzee, meno nimeyatoa, na ule mtikisiko wote nimeutuliza." Katika nakala aliyoitoa, alikuwa ameziyeyusha picha zinazofuatana zikawa moja, tena na tena. Nikatazama. Mkono wako ulielea kama wa mtu mwingine, mtu asiyewahi kuugua. Maskini, alidhani kutetemeka kwako ni kosa la mistari.

Kaka yako alipoiona aliipenda. "Shemeji, mwache dada aonekane mzima mbele ya watu," aliniambia, nawe waijua sauti yake akishaamua. Tangu nilipokuoa sijapata kumbishia mkubwa wa ukoo wenu. Safari hii nilisimama, nikavua kofia, nikamwambia hapana.

Nilikumbuka wazee wa kanisa walivyokuja sebuleni kwetu kukuomba, kwa upole mwingi, ukae upumzike. Uliwamiminia chai, nyingine ikamwagika kwenye visahani, ukawaambia, "Mkono ndio unaotetemeka. Wimbo hautetemeki." Jumapili iliyofuata ulikuwa mbele ya kwaya, na hakuna sauti iliyokosa pigo.

Wala mimi sikuwa bora kuliko wao. Mezani, wageni wakiwapo, niliufunika mkono wako kwa wangu. Watu walidhani ni mapenzi. Wewe ulijua ni aibu, ukaninyamazia. Nisamehe, mke wangu. Nilipaswa kuyasema haya ukiwa unanisikia.

Kwa hiyo kazi ya fundi nimeikataa, ingawa nimemshukuru. Kesho kamera itaunganishwa kwenye televisheni, na kanda itaonyeshwa jinsi ilivyo. Meno yakionekana, yaonekane. Kaka yako amesema nikifanya hivyo atatoka nje. Nimemwekea kiti cha mbele, karibu na mlango, achague mwenyewe. Wale wazee nao nimewaalika, kila mmoja kwa barua yake.

Pumzika kwa amani, Mama Felista. Nitasimama kando ya picha yako mpaka wimbo uishe, na nakuahidi, maadamu ningali na pumzi, hakuna atakayeutuliza tena mkono wako, nami nikiwemo.

Mumeo mwenye kukuheshimu,
Baba Felista