Fundo Nyuma ya Kisigino

Jumanne, 2 Juni

Baridi ya kukata masikio. Shifti ya mchana tena kwenye nyumba ya wazee, wiki nzima — mwenzangu Abigail anaumwa mgongo na mimi sijui kukataa.

Mzee Eino wa chumba namba 14 leo hakutaka kula. Si ugonjwa, ni mpira. Mjukuu wake amemwekea kwenye tableti mashindano ya Ulaya ya soka ndogo. Wachezaji sita kila upande, uwanja mdogo wenye mbao pembeni, na ni timu za taifa kabisa. Sikujua kama kuna kitu kama hicho. Ufini walicheza saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu, na yeye ni Mfini, ingawa aliondoka huko mwaka 1959. Mikono inamtetemeka, kwa hiyo nikamshikia tableti. Tukakubaliana: kijiko kimoja cha supu kwa kila shambulio. Mjanja yule, kila mara anasema hilo halikuwa shambulio.

Dakika kama ya kumi wakamwingiza kijana mweusi. Namba tisa. Mgongoni: P. KALUME.

Supu ilimwagika. Mzee Eino akaniuliza kama namjua. Nikasema hapana.

Jumatano, 3 Juni

Niandike yote, halafu daftari lirudi chini ya gunia la unga, Mama asilione.

Prince Kalume alikufa. Malaria, kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, mwaka 2014, akiwa na miaka kumi. Mama yake, Mama Concilie, alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Familia yao ilikuwa imeshakubaliwa kwenda Ufini. Msiba ule hawakuuripoti. Kadi ya familia ikibadilika, faili linarudi chini kabisa, mnasubiri miaka mingine mitano. Kambini kila mtu alijua hivyo. Baada ya mazishi Mama akaenda kwa Mama Concilie, wakajifungia ndani wawili. Walipotoka, mdogo wangu Christian alikuwa ndiye Prince.

Alikuwa na miaka kumi na moja. Wiki mbili tulimfundisha kuitikia jina jipya. Akikosea anafinywa. Na mimi nilimfinya.

Miaka mitatu baadaye zamu yetu ya kuhojiwa tuletwe huku ikafika. Ofisa akauliza: na huyu Christian aliye kwenye kadi yenu, yuko wapi? Mama akajibu kwamba amefariki. Bila chozi. Nilikuwa nimekaa pembeni yake.

Mama Concilie alipiga simu kutoka Ufini mara mbili. Kisha namba ikafa. Aliogopa. Simlaumu. Simlaumu sana.

Lakini akina Kalume ni wengi duniani. Sijamwambia Mama.

Alhamisi, 4 Juni

Ni yeye.

Mchezo huu hauna subira, wanaingia na kutoka bila kumwomba refa ruhusa. Kila akitoka napoteza hamu, dakika mbili yuko ndani tena. Mtangazaji alisema ni fundi umeme, na kwamba nusu ya timu wameomba likizo kazini ili waje kucheza. Fundi umeme — yule aliyekuwa akijificha chini ya kitanda radi ikipiga!

Halafu kamba ya kiatu ikamlegea. Akapiga goti karibu kabisa na kamera. Akaipitisha kamba chini ya soli mara mbili, akaileta nyuma, akafunga fundo juu ya kisigino.

Viatu vya msaada vilikuja vikubwa vyote, vya wanaume wazima. Mama alitufunga hivyo visituvuke tukikimbia, na fundo aliliweka nyuma ili tusilikanyage. Sijamwona mtu mwingine anayefunga hivyo, si hapa wala kule. Sasa mdogo wangu ana viatu vinavyomtosha na bado anafunga fundo la Mama.

Nilienda kulia kwenye stoo ya mataulo. Niliporudi Mzee Eino alikuwa amezima tableti, ananisubiri. Nikamwambia. Sijui kwa nini yeye, wakati kanisani sijamwambia mtu miaka saba. Akasema nisiogope, tangu aanze kusahau majina ya wajukuu hakuna anayeamini anachosema.

Kisha akaanza habari za Villawood, kitongoji cha jiji hili. Alifikia pale alipokuja nchi hii, enzi za hosteli ya wahamiaji: nyama ya kondoo asubuhi, mchana na jioni. Anapakumbuka kwa raha zote. Mimi nikisikia Villawood nawaza senta wanakofungiwa watu wenye matatizo ya karatasi. Tumekula kiapo cha uraia, nina cheti ukutani, lakini hofu haisomi vyeti.

Ijumaa, 5 Juni

Nimemwambia Mama kabla ya kwenda kazini. Alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua.

Swali la kwanza: "Iko anakula muzuri? Hakukonda?"

Nikamwonyesha kipande cha video, pale pa kamba. Akairudisha mara nne. Mwishowe akasema: "Ile ni fundo yangu."

Basi. Kisha akaenda kuoga, akakaa huko mpaka maji ya moto yakaisha.

Jumapili hii ndiyo ibada ya kuwakumbuka waliotangulia. Hilo ndilo linalonisumbua. Tulipofika Ingleburn, mtaa wetu huu, akina mama wa kanisa walitusoma machoni, wakauliza kama tumepoteza mtu. Mama hakuweza kusema tofauti na karatasi. Basi wakatufanyia matanga. Siku tatu walipika, walilala nasi chini kwenye magodoro, wakamlilia mtoto wasiyemjua. Mama alilia kweli, na mimi pia. Tulikuwa hatumwoni, hatujui kama anakula. Tangu hapo kila Juni Mama Candide, kiongozi wa akina mama, anasoma jina la Christian, nasi tunasimama na mshumaa.

Tukisema ukweli, kwanza ni karatasi: za kwake kule, zetu hapa. Pili ni wale akina mama. Walitupa machozi yao. Sijui lipi naliogopa zaidi.

Saa ya chai kazini nimemwandikia. Ukurasa wa timu ulikuwa na jina lake la Instagram. Nimeandika mara tisa, nimefuta mara nane. Sikuweka jina wala mahali. Nimeandika hivi tu: Nimeona unavyofunga kamba za viatu. Nani alikufundisha?

Jumamosi, 6 Juni

Nusu fainali. Mama alipanda treni peke yake, kitu asichofanya, akaja na maandazi kwenye sufuria iliyofungwa kwa kitenge. Nikamwandika kitabuni kama mgeni wa Mzee Eino.

Hawana lugha moja wale wawili. Mzee anasema Kifini akisahau Kiingereza, Mama anajibu Kiswahili, na walielewana kuliko mimi na msimamizi wangu. Alimpa andazi, Mzee akala mawili. Supu yote pia, bila masharti.

Christian alifunga bao la kusawazisha. Mama hakushangilia. Kamera ilipomsogelea, jasho likimtiririka, Mama akanyoosha kidole ampanguse — na picha ikasimama. Mechi iliendelea kule bila sisi. Sisi tukabaki na uso wake umeganda, macho nusu yamefumba. Nikataka kubonyeza, Mzee Eino akanizuia mkono. Tukamtazama hivyo, sijui dakika ngapi. Tuliporudi kwenye mechi walikuwa wameshafungwa kwa penalti, yeye amekaa kwenye nyasi bandia anafungua viatu.

Mama: "Wamubebe nyumbani alale."

Ujumbe wangu umeonekana. Jibu hakuna.

Jumapili, 7 Juni

Naandika jikoni, nimeegemea friji. Maji ya chai yanachemka. Mama Candide na wenzake wawili wako sebuleni na Mama.

Ilikuwa hivi. Majina yalisomwa kama kila mwaka, familia moja ikikaa nyingine inasimama. Tukafikiwa. Mama Candide akasoma: Christian, mtoto wa Mama Clarisse. Mimi nikaanza kuinuka, mazoea. Mkono wa Mama ukanivuta sketi chini.

Mama Candide alifikiri hatukusikia. Akasoma tena, kwa sauti zaidi.

Mama alikaa. Mshumaa umezimwa mapajani, mikono juu yake. Watu wakageuka. Akasema bila kunitazama, si kwa nguvu lakini benchi la mbele lilisikia: "Siwezi simamia mutoto muzima."

Halafu kwaya ikaanza mapema kuliko ratiba, Mungu awabariki.

Sasa wamekuja. Si kwa ugomvi, Mama Candide ameleta hata mkate. Lakini nasikia kwa mlango: anauliza polepole, kwa heshima, ni nani basi tuliyemlilia siku tatu. Anasema yeye mwenyewe alimzika mwanawe njiani akikimbia vita, kule Fizi, na machozi aliyotupa yalikuwa ya huyo.

Nasikia kisu tu, Mama anakata mkate.

Na simu imetikisika sasa hivi, juu ya friji, karibu na kiwiko changu. Ni yeye. Kiswahili chake kimekuwa cha mtoto, kimebaki palepale alipokiacha:

Mama alinifundisha. Waliniambia mulikufa wote. Mama iko?

Nimeisoma nikiwa nimesimama, sasa nimekaa chini kwenye vigae.

Mama ananiita. Anasema nilete chai, na vikombe vya wageni.

Simu iko mkononi. Sinia ni la mikono miwili.