Retinol, Peptaidi na Uso Wako Ukutani

Paskalina, rafiki yangu,

Nakuonea wivu. Nianze na hilo, maana hukupenda mtu anayezunguka mbuyu. Wivu wangu wote nilikuwa nakusimulia wewe, tukikunja mashuka ya wageni pale lodji, na tangu ulipoondoka nimebaki nao bila wa kumsimulia. Ndiyo maana nakuandikia.

Faustini wako amenioa. Nilikuja kaburini kwako Rhotia kukuambia kabla padri hajatangaza ndoa, lakini kilio kilinizidi, sikumaliza. Dada zako wa Kansay walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sikuwalaumu. Ningekuwa wao ningesema zaidi. Lakini hakuna kilichoanza ukiwa hai. Mimi na yeye tulikutana kwenye kukulilia, basi.

Tabu yangu si dada zako. Tabu yangu ni picha yako pale sebuleni, juu ya televisheni, ile ya harusi ya mdogo wako. Umevaa gauni la bluu na uso unateleza kama sufuria jipya. Mimi ndiye ninayeipangusa vumbi. Kila nikiipangusa wewe ni yule yule, mimi nimeongezeka mistari pembeni ya macho. Nimeshakupita umri, Paskalina. Ulikuwa unaniita mdogo wangu, sasa dada ni mimi. Unaona haya mambo? Wewe umelala zako na bado unanishinda.

Sasa sikia nilichofanya. Mgeni mmoja, bibi wa Kizungu aliyekuja kuona kreta, aliniachia kichupa cha krimu chumbani pamoja na kibali cha kuwaonyesha walinzi wa lodji nikitoka nacho getini. Si unakumbuka tulivyokuwa tunagawana shampuu zao? Kimeandikwa retinol. Yale maandishi madogo ya nyuma sikujisumbua nayo. Nikapaka asubuhi, siku zangu za mapumziko, nikachukua jembe nikaenda kupalilia maharage. Ukungu ulikuwa mzito, ng'ombe wa jirani unamsikia tu humwoni. Nani Rhotia anaogopa jua kwenye ukungu ule? Nikafanya hivyo siku kadhaa, na kila siku ukungu ulipofunguka nilikuwa katikati ya shamba, nikasema nimalizie tuta hili. Uso ukawaka, kisha ukaanza kubanduka kama kiazi kilichochemshwa.

Faustini akaniangalia, akasema, "Marehemu alikuwa anapaka mafuta ya mgando tu. Si unamwona alivyokuwa?" Akakuonyesha kwa kidole, pale ukutani. Hakuwa na ubaya, unamjua, yeye husema jambo kama anayesema leo mvua itanyesha. Nikaenda jikoni nikalia. Sikulia kwa ajili ya uso. Nililia kwa sababu alisema "alivyokuwa" kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuipata.

Jumapili hii Neema anapata kipaimara. Ndiyo, mwanao amekuwa mkubwa. Ndugu zako wa Kansay na wa Daa watajaa sebuleni, watakutazama wewe, kisha watageuza shingo wanitazame mimi. Nikaona siwezi. Nikapanda bodaboda hadi Karatu mjini, kwenye lile duka la vipodozi karibu na stendi.

Binti wa dukani ana subira, Mungu ambariki. Akaniwekea vichupa viwili kaunta. Akasema retinol ndiyo yenye nguvu kwa mistari, lakini inapakwa usiku, unaanza kidogo kidogo, na mchana lazima mafuta ya kuzuia jua, hata kwenye ukungu. Peptaidi ni ya upole, haichubui, unaweza kupaka asubuhi na jioni, ila usitegemee makubwa na usiwe na haraka. Mimi nilikuwa na haraka. Hata ngozi ilikuwa bado haijapona, mkono ukaenda kwenye retinol. Akanizuia taratibu. "Samahani dada yangu, una mimba? Au unatafuta mtoto? Kama ndiyo, hii iache kabisa."

Paskalina, mimba ninayo.

Hakuna anayejua. Hata Faustini sijamwambia, naogopa umri wangu, naogopa kufurahi mapema. Nesi wa kliniki ndiye peke yake. Na pale dukani, na siri hiyo tumboni, nilimwambia yule binti, "Hapana, sina." Nikabeba retinol nikaondoka. Ona wivu unavyomfanya mtu. Nimemwomba Mungu mtoto miaka yote hiyo, wewe ulikuwa unafunga pamoja na mimi, na alipokuja nikawa tayari kumweka rehani ili nipendeze mbele ya picha.

Nilipofika nyumbani Neema aliniona nilivyobanduka. Alikuwa hajawahi kunigusa uso. Ananiita mama mdogo, kwa heshima, kama mtu anayesaini barua. Siku hiyo alichota mafuta ya mgando akaanza kunipaka polepole, akasema, "Na mama alikuwa hivihivi kila msimu wa palizi. Uso wa kwenye ile picha waliusafisha studio. Mama alikuwa na madoa hapa, na hapa."

Akanigusa hapa, na hapa.

Nikakumbuka. Madoa yako yaliyokuja na mimba ya Neema na hayakuondoka! Ulivyokuwa unayaficha na poda ya wageni, nikakucheka, ukanirushia foronya! Nilikuwa nayajua yale madoa kuliko yangu, na yalikuwa yamenitoka kichwani kabisa. Nilikuwa naionea wivu kazi ya fundi picha, na wewe mwenyewe nilikuwa nimekusahau. Nilikulilia upya siku ile, na Neema akalia, tukachafuana mafuta.

Kesho yake nilirudi dukani nikamwambia yule binti ukweli. Alinibadilishia akanipa peptaidi na mafuta ya kuzuia jua, akaniambia ngozi ipone kwanza. Nesi naye nilimweleza kuhusu ile krimu ya mgeni, akasema niiache tu, nisihangaike. Kwa hiyo Jumapili nitapokea wageni na uso huuhuu. Wakitazama, watazame.

Usidhani wivu umeisha. Faustini nitamwambia leo jioni, na najua akishafurahi atasema, akiwa wa kike tumwite Paskalina. Wote watasema hivyo, na dada zako watanipenda kwa mara ya kwanza. Mimi nitakataa. Usinikasirikie. Nyumba yako, mume wako, mwanao, hata kitanda, vyote nimevikuta vina jina lako. Huyu mmoja nataka awe wangu.

Ila nakuahidi, Neema sitamfanya achague kati yetu. Akitaka kukuzungumzia nitakaa chini nimsikilize hadi amalize, hata siku ninayoumia.

Lala salama, dada. Ya huyu mtoto nimekuambia wewe kabla ya baba yake.

Wako,
Veronika