Nilimtoa Mwanangu Mipira ya Kupumulia

Mpendwa Shangazi Moraa, naomba unisaidie kabla Sabato haijafika. Naanika omena, dagaa wa ziwani, hapa Muhuru Bay, na mwezi wa pili nilijifungua kabla ya wakati, mtoto wa kilo moja na nusu, kifua kinabonyea kila akivuta pumzi, hospitalini akawekewa mipira midogo puani iliyounganishwa na chupa ya maji, na maji yale, Shangazi, yalitokota mchana kutwa, nami nikajua ni ya moto na yanamchoma mwanangu mapafu, tena jirani wa kitanda alishaninong'onezea kuwa mtoto akiwekewa mipira ujue ndio basi, nikampigia wifi yangu Joyline, dada yake Boaz mume wangu, nikamwambia wanamuua, na muuguzi alipogeuka nikaitoa.

Midomo ya mtoto ikawa rangi ya majivu. Yule muuguzi, Sista Risper, akaja mbio akairudisha, kisha akauchukua mkono wangu akaugusisha kwenye chupa. Ilikuwa baridi. Akaniambia, "Mama, hii ni hewa tu inapita kwa maji. Ndiyo inashikilia mapafu yake yasijifunge."

Sasa Levis ana miezi mitano, mapaja yamejaa, tuna furaha tele. Lakini Boaz, asiyejua kuwa niliitoa, amesimulia kanisa zima imani niliyokuwa nayo, na Sabato hii natoa ushuhuda. Joyline naye ana mimba ya miezi saba, anaapa mtoto wake hatawekewa mipira hiyo kamwe. Nikisema ukweli, Boaz ataniona vipi?

Mama Levis

Mama Levis, nibusie hayo mapaja. Sasa keti nikuseme. Muuguzi alikuwa hatua tatu kutoka kwako na mdomo unao, mbona hukuuliza? Uliona haya kuitwa mshamba, ukamwamini jirani wa kitanda. Ulikosea, na nusura ulie maisha yako yote. Lakini ulikuwa mama mwenye hofu, si mama mbaya, kwa hivyo usijibebeshe zaidi ya hapo.

Mwambie Boaz leo, akishakula. Akiinuka atoke nje, mwache, atarudi. Kesho mpeleke Levis kwa Joyline, umwambie ulimdanganya bila kujua, na uchungu ukimjia mapema akimbilie hospitali yenye chumba cha watoto njiti, asingoje nyumbani.

Sabato simama, usipambe. Kanisani mna wajawazito wanaoogopa mipira ile kama ulivyoiogopa wewe, na imani yako haitawasaidia wodini. Waambie uliitoa, waambie midomo yake ilivyokuwa, kisha umwinue Levis wamwone anavyopumua.