Ufa Chini ya Siti

3 Februari

Mwanangu Sisimizi,

Marahaba. Najua ungeniamkia, basi naitikia kabisa. Sisi wazima. Mgongo wa mama yako umeachia kidogo, ila mdomo wake haujambo sana: anasema meza ya chakula imegeuka gereji na iko siku atameza nati. Wewe je? Kifundo cha mkono kimepona? Unakula?

Picha za pikipiki yako mpya ya mashindano zimefika. Tangu nilipofunga kibanda changu cha kutengeneza saa, macho yangu hayana kazi nyingine ila hii ya kuunda mifano midogo ya vyombo vikubwa. Tangi tayari, nimelipiga msasa hadi linateleza. Mnyororo naunga pingili kwa pingili kwa kibano, na zinazorukia zulia mama yako anazifagia bila huruma. Ikikamilika itakaa kabatini na zile zako za zamani. Ndege nilizokutundikia ulipokuwa mdogo bado zinaning'inia juu ya kitanda chako.

Naomba picha moja zaidi. Upande wa kulia, chini ya siti, pale mkono wa gurudumu la nyuma unaposhikana na fremu. Naona mstari pale. Huenda ni uchafu, lakini sipendi kubahatisha.

Ni mimi baba yako.

21 Februari

Shikamoo Baba, na Mama nampigia magoti,

Mimi mzima, kifundo kimepona, na ndiyo, ninakula! Huku shida yetu kubwa ni baridi ya asubuhi. Vidole vinakufa ganzi kabla hata sijavaa glavu.

Picha hiyo hapo. Fundi mkuu wa timu alinikuta nimeinua siti, akanuna. "Baba yako anataka kuinunua?" Nikamwambia baba yangu anaunda pikipiki zinazoenea kiganjani. Akasema huo ni mkwaruzo tu, waliigonga wakiipakia kwenye lori, wakapaka rangi. Mwenzangu wa timu, yule tunayemwita Kipanga, alicheka mpaka akakaa chini. Sasa kila asubuhi ananiuliza kama mzee amemaliza ukaguzi.

Nilishika nafasi ya nne, Baba. Hii pikipiki inakimbia kama imetukanwa.

Bintiyo, Sisimizi.

6 Machi

Mwanangu,

Tunashukuru kwa hali yako. Nafasi ya nne si mchezo. Mama yako amewatangazia majirani wote, hata wale tusiosalimiana nao.

Sasa kaa chini unisikilize. Picha yako nimeitazama kwa kile kioo changu cha kukuzia, cha ufundi saa. Ule si mkwaruzo. Pale pana ufa uliochomelewa, ukasuguliwa, ukafunikwa rangi, na rangi yenyewe imewekwa mara mbili. Na pembeni ya pale palipochomelewa ufa mwingine mwembamba umeanza kutembea. Hiyo pikipiki iliwahi kuanguka kabla yako. Waulize nani alikuwa juu yake.

Ile methali ya ufa na ukuta walikufundisha shuleni. Hapa hakuna ukuta wa kujenga. Usiipande.

Mama yako sijamwambia.

Baba yako.

2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Barua yangu iliyopita uliipata? Fremu nimeiacha bila kuigusa. Nikishika brashi mkono unagoma.

Mama yako anauliza mbona siku hizi nasikiliza habari za michezo. Nimemwambia ni uzee.

Nijibu.

Baba yako.

19 Aprili

Shikamoo Baba. Shikamoo Mama.

Mimi mzima. Naanza na hilo ili Mama asiisome barua hii akiwa amesimama.

Ulipoandika nilikasirika, Baba. Nilisema mzee ameanza kuona majini kwenye picha. Lakini asubuhi ya mbio nilipita kidole pale chini, ukucha ukanasa. Nikaenda kwa meneja, nikamwambia sipandi. Hakupaza sauti. Aliniuliza, "Nani amekwambia?" Nikasema baba yangu. Akasema, "Basi panda vya baba yako." Akamwita Kipanga.

Nilimfuata Kipanga hadi kwenye mstari wa kuanzia, nikamshika mkono. "Usiipande. Ina ufa."

"Dada," akaniambia, "mzee wako anajenga vya kuchezea. Mimi napanda vya kweli." Akanikonyeza, akafunga kofia.

Kwenye kona, pale njia iliyonyooka inapoishia, gurudumu la nyuma likaenda kwake na yeye akaenda kwake. Hakuamka, Baba. Alikufa wakiwa bado hawajamfikia.

Meneja amewaambia waandishi kwamba Kipanga aliingia kona kwa pupa. Mabaki yalibebwa na lori jioni ileile na hakuna anayesema yamekwenda wapi. Simu zote za timu zimekusanywa, na yangu ilikuwa ya timu. Picha zilizobaki ni hizo ulizonazo. Chama cha mashindano kitafanya uchunguzi. Usimwoneshe mtu mpaka nikwambie.

Bintiyo.

30 Aprili

Mwanangu,

Pole. Pole sana. Sasa mama yako anajua yote. Amelia kwa ajili ya mtoto wa mwenzake, kisha akanigeuzia kibao kwa kumficha. Ana haki.

Tumepata mgeni. Kijana ana tai, viatu vinang'aa, anatoka kwenye timu yenu. Aliamkia vizuri, akazisifu ndege moja moja. Kisha akaomba kuona pikipiki yako. Nikampa. Nilikuwa bado sijauchora ule ufa. Fremu ilikuwa laini kabisa. Sisimizi, yule kijana aliipindua, akaweka kidole gumba chini ya siti, upande wa kulia, palepale. Mimi sikuwa nimemtajia chochote. Akapapasa, akapumua.

"Kazi safi, mzee. Na picha alizokutumia?"

Kabla sijafungua mdomo, mama yako akafoka toka jikoni: "Nimezitupa! Nyumba imejaa makaratasi kama ofisi!" Sikujua kama nimeoa mwigizaji.

Kijana akacheka. Mlangoni akageuka, akasema, "Binti yenu anapenda sana mbio. Dunia ya mbio ni ndogo, mzee." Akafunga mlango polepole, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Nisamehe, sikungoja uniambie. Picha nimezituma kwa mwenyekiti wa uchunguzi, pamoja na habari ya kile kidole.

Jifungie vizuri.

Baba yako.

8 Juni

Shikamoo Baba,

Mko salama? Mimi nipo. Umekwisha kusikia: timu imefungiwa, meneja amefungiwa. Fundi mkuu alikiri. Alisema aliambiwa achomelee na afunge mdomo, na aliyekuwa juu ya pikipiki ile ilipoanguka mara ya kwanza hatembei tena. Nami nilitoa ushahidi.

Watu walinipongeza korido nzima. Tangu siku hiyo hakuna timu inayonipokea. Nikiingia gereji, maongezi yanakatika. Mmoja aliniambia kwa upole kabisa, "Wewe unaleta macho ya watu."

Mlango nafunga kwa makomeo mawili.

Sisimizi.

20 Juni

Mwanangu,

Rudi nyumbani. Mama yako ametandika kitanda chako na kufuta vumbi kwenye ndege. Hapa kuna kazi, hata kama si ya kukimbia.

Mama yake Kipanga ameniandikia. Anataka nimuundie pikipiki ya mwisho ya mwanawe. Nikamuuliza kwa adabu, niutie ule ufa au niiache fremu laini? Jibu lake lilikuwa neno moja: Utie.

Nimeutia. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Rudi.

Baba yako.

15 Agosti

Shikamoo Baba, shikamoo Mama,

Natumaini mgongo wa Mama haujambo. Mimi mzima. Msinikasirikie. Nimepata timu. Ni ndogo, iko mbali, na pikipiki ni ya zamani. Hawaniulizi maswali, nami siwaulizi. Nilijaribu kuishi bila mbio, Baba. Nilikuwa nakaa dirishani kama mzigo uliosahauliwa kituoni.

Safari hii sitakutumia picha. Tafadhali usiniombe. Siwezi kuingia kona huku nikijua macho yako yako chini ya siti.

Nisamehe.

Bintiyo.

2 Septemba

Sisimizi wetu,

Marahaba. Mgongo wa mama yako hivyohivyo. Hatujakasirika.

Sikuombi picha. Vifaa vya pikipiki nimevifungia sandukuni. Siku hizi naunda ndege tu, zile zilizokwisha kuruka na kutua zamani, ambazo ndani hamna mtu wangu.

Lakini kabla ya kupanda, inua siti mwenyewe. Pitisha ukucha. Usiniambie umekuta nini. Fanya tu.

Baba yako.

11 Oktoba

Mwanangu,

Hujambo? Mbio zenu zilikuwa Jumapili. Redio ilisema kuna mpanda aliyeanguka, ikapita kwenye habari za mpira bila kumtaja. Nimepiga namba ya timu, inaita tu.

Mama yako amekaa karibu yangu. Ananiambia nikuandikie kwamba hatutaki maelezo, wala hatutauliza ulipanda nini. Andika mstari mmoja. Hata neno moja linatosha, Sisimizi, mradi liwe kwa mwandiko wako.

Baba yako.