Vigelegele Kwenye CD ya Pili

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Edmonton hatujambo. Babu yako anakohoa kidogo, ila kelele zake kwa majirani ziko palepale. Umeniuliza kama kweli nimo kwenye ile albamu, maana wenzako huko Dodoma wanakucheka.

Nimo! Miaka ya tisini, mwenzangu wa kazini alinipeleka kumsikiliza Mwingereza mmoja mpiga gitaa, na siku hiyo walikuwa wanamrekodi jukwaani. Wimbo wa mwisho, uzi wa gitaa ukakatika. Akaduwaa kama bwana harusi aliyesahau jina la mke. Ukumbi mzima kimya, watu wanatazama viatu vyao. Sasa sisi kwetu, mtu akikwama mbele za watu, tunamwacha hivyo? Nikapiga vigelegele! Mwenzangu akanivuta sketi nikae. Yule kijana akacheka, akaweka gitaa chini, akaimba hivyohivyo, ukumbi mzima ukimpigia makofi.

Albamu ilipotoka, CD mbili, wangeweza kunikata. Hawakunikata.

Basi waketishe hao wenzako. Weka CD ya pili, wimbo wa mwisho, fungulia sauti yote. Muziki ukikatika, wasiguse kitu, wasubiri.

Huyo ni mimi,
Bibi yako