Masika, Umeuliza Kama Uje Botini

Masika, mwanangu wa kwanza,

Kikaratasi chako nimekipata, na leo ni siku ya nane sijakijibu. "Mama, shule ikifunga naweza kuja botini?" Basi, hayo tu. Baba yako ananiuliza kila asubuhi kama nimekujibu, nami namwambia natafuta kalamu. Kalamu ninayo. Ninachokosa ni moyo. Naandika wazi, shangazi yako akitaka kusoma asome, maana mengine hata yeye sikumwambia.

Unakumbuka tulivyoshuka kutoka Kyondo? Mvua ilikuwa imeporomosha mlima, udongo umezika nyumba na nusu ya kahawa yetu. Baba yako akaona afadhali ajifunze kuvua samaki kuliko kungoja mlima umalizie kazi. Huku mwaloni, ufukoni mwa ziwa ambako boti za wavuvi hutia nanga, chini ya Muhokya, wageni hatukuruhusiwa kujenga kwa sababu ni eneo la mbuga. Basi akanunua boti kuukuu, akaiwekea paa la turubai, akatuambia, "Nyumba ndiyo hii, ingieni." Wewe ulikuwa na miaka minane, na Biira nilikuwa nikimbeba mgongoni. Mimi mtu wa mlima nilikuwa nimebeba mafiga yangu matatu kutoka nyumbani, nikayapanga katikati ya boti ya mbao niwashe moto. Baba yako alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanitafutia sigiri, jiko la makaa, na kuiweka ndani ya beseni la mchanga. Na wewe ulicheka, nikakukaripia bure, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuogopa.

Niliogopa kila kitu. Viboko wakikoroma kwenye matete, nahesabu watoto. Upepo ukitikisa turubai, nahesabu watoto. Mko wawili tu, lakini nilihesabu. Wewe hukuwa na habari. Ulikimbia ukingoni miguu mitupu, ukapiga maji kwa mwiko wangu wa ugali, ukaimba.

Ndipo nikakufunga kamba. Kule kwetu mbuzi hufungwa kamba fupi asije akaporomoka bondeni, na fundo lake nilifundishwa na mama yangu: likivutwa, linakaza. Nikalifunga kiunoni mwako, na ncha nyingine nikaifunga kwenye nguzo ya turubai. Ulilalamika. "Mama, hata mbuzi hufunguliwa jioni." Nikakuambia unyamaze. Baba yako naye alisema nikuache, nikamjibu ashughulike na nyavu zake. Wiki nzima nilimenya mihogo yangu kwa amani, nikajiona mama mwenye akili kuliko wote wa mwaloni.

Siku ile baba yako alikuwa amepeleka samaki Kikorongo. Ilikuwa saa nane mchana. Upepo ulitoka upande wa milima, boti ikainuka, ikalala ubavu, nawe ukatumbukia. Kamba ikakuning'iniza ubavuni mwa boti, kichwa kinaingia majini na kutoka. Nilivuta ili nikupandishe, na kadiri nilivyovuta ndivyo fundo lilivyokaza, mpaka ukashindwa hata kulia. Vidole vyangu havikuweza kulifungua. Nilipiga kelele. Papa Kambale, yule jirani yetu Mkongo, alikuja na mtumbwi wake akaikata kamba kwa kisu cha samaki. Ukaanguka majini, nikafumba macho. Nilipofumbua ulikuwa umesimama. Umesimama, Masika. Maji yalikufika kifuani tu.

Papa Kambale hakunigombeza. Alisema, "Mama, mutoto haiko mbuzi. Ungemuacha, angesimama yeye mwenyewe." Kisha akaenda zake.

Siku ya tatu nikakupeleka Bwera kwa shangazi yako. Watu wote niliwaambia ni kwa ajili ya shule, na kweli shule ilikuwepo. Lakini sababu yenyewe ni kwamba sikuweza kuutazama ule mstari mwekundu kiunoni mwako, wala sikuweza kukuacha ukimbie bila kamba. Tulipokuwa tunangoja gari uliniuliza, "Mama, nimekosa nini?" Nikakujibu, "Panda gari." Hukukosa kitu, mwanangu. Aliyekosa ni mimi, na nilipaswa kulisema palepale, abiria wote wakisikia. Nimelibeba neno hili miaka minne.

Halafu kila nilipokuja Bwera siku ya soko, ulinipigia magoti, ukaniletea kiti, ukaniuliza habari za safari. Heshima tupu. Ulinikaribisha kama mgeni wa shangazi yako, na mimi nikarudi nikimlaumu yeye kwamba amenichukulia mtoto. Hakunichukulia. Nilimpa kwa mikono yangu.

Biira sasa anaogelea. Baba yako amemfundisha pale penye kina kifupi, baada ya kuangalia kama viboko wako mbali. Kila akiruka mimi nageuza uso, namwambia baba yako anitazamie. Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, basi mimi nashtuka hata kwenye beseni.

Juzi nilikuandikia jibu, na jibu lilikuwa hapana. Nilisema boti inavuja. Uongo, haivuji hata tone. Baba yako alilisoma, akasema, "Mara ya kwanza alidhani amekosa. Mara hii atajua hatumtaki." Hakupandisha sauti. Niliichana barua ile mbele yake, na sikula siku nzima.

Basi njoo. Shule ikifunga, panda gari la Kasese ushuke Kikorongo, baba yako atakuwa hapo tangu asubuhi. Utalala upande wangu. Nitaogopa, Masika, sikufichi. Nitaogopa ukiinama kuosha vyombo, nitaogopa ukisimama, na pengine nitakupigia kelele bila sababu yoyote. Nivumilie. Nikingoja hofu hii iishe ndipo nikuite, utakuwa umeshakuwa mama wa watu, nami sikukulea. Njoo tu, nikiwa naogopa hivihivi.

Mama yenu, wewe na Biira