Utepe Mwekundu kwenye Njia ya Kokoto

Jumamosi, 2 Machi

Nimeomba baiskeli tena, na Mama amesema "tutaona". Kwa Mama, "tutaona" iko jirani kabisa na "ndiyo". Mwaka mzima ilikuwa "hapana" kavu, tangu lori limkwangue Kaka kwenye lami na kumvunja mguu. Mguu umepona, Kaka anacheza mpira kama zamani, lakini baiskeli zetu zote mbili bado zimefungwa stoo. Naenda maktaba kwa miguu. Kurudi ndiyo kazi — vitabu vinanivuta bega hadi natembea upande kama kaa.

Sasa kuna njia! Mjomba, ambaye ni fundi baiskeli, amewazungukia wenye mashamba ya mizabibu mmoja mmoja. Wamekubali watu wa baiskeli wapite kwenye barabara zao za trekta, zile za kokoto katikati ya mashamba. Hakuna gari. Hakuna lori. Unaingilia nyuma ya karakana ya Mjomba, unatokea nyuma ya maktaba. Kilima kimoja tu cha kumtoa mtu ulimi.

Wa mwisho kukubali ni yule tunayemwita Mzee Kufuli. Hata pipa lake la maji lina kufuli. Lango lake liko katikati ya njia. Akilifunga, njia imekufa.

Mjomba amenipa kazi ya kuweka alama kwenye kona. "Wewe Profesa ndiye unayesoma ramani. Mimi nasoma minyororo tu." Nilitabasamu hadi mashavu yakauma.

Jumapili, 3 Machi

Nimemaliza! Kwa miguu, maana "tutaona" bado si "ndiyo".

Rangi niliichagua mwenyewe: utepe mwekundu. Nilisoma mahali kwamba nyekundu huonekana toka mbali. Kila penye kona nimefunga fundo moja kwenye nguzo ya mwanzo wa mstari wa mizabibu. Penye lango la Mzee Kufuli nimefunga mafundo mawili, kwa heshima.

Njia nzima sikukutana na mtu. Kokoto zinalia chini ya viatu kama mtu anayetafuna barafu. Mizabibu imejipanga mistari hadi juu ya kilima, kama daftari lililopigwa mistari kabla hujaandika kitu. Nilisema mashairi kwa sauti! Mimi, ambaye darasani nikiitwa jina tu nasahau langu.

Karibu na lango nilionja zabibu moja ya Mzee Kufuli. Chachu! Jicho moja lilijifunga lenyewe.

Jumatano, 6 Machi

Nimeharibu.

Nimetoka shule nikamkuta Mjomba amekaa juu ya tairi, hafanyi kazi. Mjomba asiyefanya kazi si dalili nzuri. Akaniuliza taratibu kama ule utepe niliufunga kwenye nguzo za mwanzo wa mistari. Nikasema ndiyo, kila kona. Akajishika kichwa.

Kumbe ndivyo wavunaji wanavyofanya kazi kwa Mzee Kufuli. Mzee mwenyewe hupita akionja. Mstari ulioiva, msimamizi wa wavunaji huufunga utepe mwekundu kwenye nguzo ya mwanzo. Wavunaji wakiona nyekundu hawaulizi — wanakata. Na leo ndiyo wameanza kuvuna.

Wamekata mstari wa karibu na lango. Ule ambao mzee huuacha hadi mwisho kabisa wa msimu, zabibu zinyauke kidogo, ndipo atengeneze mvinyo wake mtamu. Mmoja wao alionja akatema, akasema labda mwaka huu mzee anataka siki. Wakacheka, wakaendelea. Msimamizi alipotokea, nusu ya mstari ilikuwa kwenye kreti.

Mzee Kufuli amefunga lango. Na amemwambia msimamizi asirudi kesho, kwa kuwa anadhani ni yeye aliyefunga utepe vibaya. Maskini msimamizi, mama wa watu! Ameapa hakufunga, hakusikilizwa.

Mjomba anasema ataenda kusema kosa ni lake. Nimemwambia hapana. Rangi niliichagua mimi.

Sahani yangu nimemsogezea Kaka. Mama ameniuliza kama nina homa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeenda kwa Mzee Kufuli. Nimeenda!

Nilikuwa nimetunga hotuba. Utangulizi, kiini, hitimisho. Niliirudia njia nzima, Mjomba akitembea nyuma yangu akikohoakohoa. Mzee Kufuli akatoka na buti zake, akasimama upande wa pili wa lango. Hotuba yote ikayeyuka.

"Sema basi. Au umekuja kunitazama?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Nyingine?"

"Ule utepe ni wangu." Sauti ilitoka nyembamba kama ya mbu. Nikaeleza. Baiskeli, kona, rangi ya kuonekana mbali. Nikasema msimamizi hana kosa lolote. Hilo nililisema mara tatu.

Mzee akalitikisa kufuli la lango. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Na ule wenye mafundo mawili?"

"Ule ulikuwa wa heshima."

Akageuka akanipa mgongo. Mabega yakaanza kutikisika. Nikajua nimemliza mtu mzima. Kumbe anacheka! "Heshima!" anasema, anajifuta macho. "Heshima imenikatia nusu mstari!" Mjomba naye akaanza kucheka, akajizuia, akaishia kupaliwa.

Kisha hakucheka tena. Alisema mvinyo mtamu mwaka huu utakuwa kidogo sana, na kwamba hilo halirudishwi kwa samahani. Nikasema najua. Akamtuma mtu kumwita msimamizi, na alipofika akamwomba radhi mbele yetu. Kwa shida, kama anameza jiwe, lakini alimwomba. Msimamizi ni mama mnene mwenye mkasi kiunoni. Akanitazama juu hadi chini: "We mtoto, nusura unitoe tonge mdomoni." Halafu akanipigapiga begani, kwa nguvu. Nilishusha pumzi hadi nikayumba.

Masharti ya mzee: tepe zote zitoke leo. Kona zipakwe chokaa kwenye mawe, si kwenye nguzo. Na anataka mtu mzima anayekaa karibu wa kufungua lango asubuhi na kulifunga jioni. Mjomba akajitolea. "Wewe unapoteza hata pampu yako mwenyewe," mzee akamwambia. Akanigeukia mimi. "Mlete mama yako Jumapili. Ufunguo simpi mtoto."

Mama! Ambaye hajui lolote.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwambia Mama. Alikuwa anakunja nguo. Hakuacha kukunja.

"Ulikwenda mwenyewe?"

"Mjomba alinisindikiza."

"Lakini ulisema mwenyewe? Wewe?"

"Mimi."

Akakunja shati la Kaka, akalikunjua, akalikunja tena vilevile. "Jumapili saa ngapi?"

Basi. Leo nitalala kama gogo.

Jumapili, 10 Machi

Naandikia langoni, nimekaa juu ya kreti tupu. Siwezi kungoja hadi nyumbani.

Tumekuja sote. Kaka amesukuma baiskeli yake kutoka stoo, ameijaza upepo, anasema ni ya maonyesho tu. Mawe yamepakwa chokaa, yanang'aa hadi kule juu. Mzee Kufuli amemsimulia Mama habari ya mafundo mawili, kwa vikorombwezo, na sasa mstari uliokatwa umekuwa mzima si nusu. Mama alicheka. Kisha akasimama katikati ya njia, akasikiliza. Muda mrefu. Nadhani alikuwa anasikilizia lori.

"Hapapiti gari kabisa?"

"Trekta langu tu, mama. Na hilo utalisikia ukiwa bado kitandani."

Mzee akampa ufunguo. Mama akaugeuza, akautazama, akaniwekea mimi mkononi. Akamnyang'anya Kaka baiskeli.

"Mama, unajua kweli?" Kaka akauliza.

"Nilikuwa najua kabla hujazaliwa, usinifundishe." Akajifunga kanga vizuri kiunoni. "Nafika jiwe la kwanza tu, nione."

Aliyumba. Mzee Kufuli alifumba macho. Halafu Mama akanyooka, na kokoto zikaanza kulia.

Jiwe la kwanza amelipita. La pili pia! Kaka amepanda juu ya lango, anapiga kelele kwamba breki ya nyuma haishiki vizuri, hakuna anayemsikia. Mama amekata kona, mizabibu imemmeza. Sasa tunasikia kengele tu. Moja. Kimya. Nyingine, mbali zaidi. Na kule mbele ndiko kilima kinakoanza.

Jua limeshuka, Mama bado hajarudi. Msimamizi na wavunaji wake wamepita wakienda nyumbani. Mzee Kufuli ameutazama mkono wangu wenye ufunguo, akauliza tufunge au tungoje.

Nimemwambia tungoje.